Uchambuzi wa kisa: tulifika Mida maji yamekupwa

Kisa hiki kilinitokea mimi mwenyewe, mwandaaji wa safari za kutazama ndege na wanyama kutoka Mombasa. Majina ya wateja, hoteli na mwongozaji nimeyaondoa. Mahali nimepaacha kama palivyo, kwa sababu bila ghuba ya Mida na bila msitu wa Arabuko-Sokoke, kaskazini mwa Mombasa, kisa hakisimuliki.

Usuli

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipeleka watazamaji wa ndege, watu wa darubini na daftari. Mtazamaji ana subira ya aina yake: akimwona ndege kwa sekunde kumi, akamtambua, anaandika jina na moyo unatulia. Mpiga picha hatosheki na hilo. Anataka ndege akae karibu, jua liwe mgongoni mwake mwenyewe, nyuma ya ndege pasiwe na kijiti kinachokata kichwa. Tofauti hiyo nilikuwa naijua kwa maneno. Kwa vitendo sikuijua, na hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Februari moja, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa mbali, nilipata kundi langu la kwanza la wapiga picha watupu. Walikuwa wanne. Bi. M. alikuwa mwalimu mstaafu wa Mji wa Kale, mtoto wa ukoo wa wavuvi, mwenye kamera ya zamani aliyoitunza kama sahani ya arusi. Bwana na Bibi T. walitoka Nairobi na lenzi mbili zenye thamani kuliko gari letu. Wa nne, R., alikuwa kijana wa Likoni anayepiga picha za harusi na aliyetaka kujaribu kitu kisichocheza taarabu mbele yake. Tulikuwa na dereva, na huko mbele alitungoja Mzee K., mwongozaji Mgiriama aliyezaliwa ukingoni mwa msitu.

Safari ilikuwa ya siku tatu na malengo mawili makubwa. La kwanza ni Ghuba ya Mida, kwa ajili ya ndege ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mfano wa nyundo, na chakula chake ni kaa, kwa hiyo humu nitamwita mla-kaa. Huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na Somalia, tena ndani ya mashimo anayochimba mchangani, jambo geni kwa ndege wa pwani wa aina yake. Kuanzia Agosti hadi Aprili hivi huja kwetu kula.

Lengo la pili lilikuwa bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae. Alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1966, ana urefu usiofika sentimita 20, na ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote vilivyobaki vya msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki, lakini bundi huyu hakai popote tu. Kuna sehemu ya msitu mchanganyiko, kuna sehemu ya miti ya mirihi kwenye mchanga mweupe, na kuna vichaka vizito vya miti iitwayo Cynometra kwenye udongo mwekundu. Yeye yuko kwenye udongo mwekundu.

Ratiba niliyoiandika

Nitasema bila kuficha: sikuiandika, niliinakili. Safari iliyotangulia, ya watazamaji, ilikwenda vizuri sana. Tuliondoka Mombasa alfajiri, tukafika Mida asubuhi, saa nne ndege walikuwa karibu na daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko mpaka mtu anaona jicho la ndege kwa macho matupu. Nikabadilisha tarehe na majina, nikatuma. Siku ya kwanza asubuhi Mida, mchana msituni. Siku ya pili msitu alfajiri, mlango wa Mto Sabaki jioni. Siku ya tatu magofu ya Gede, kisha nyumbani.

Kati ya safari ile na hii zilipita siku ambazo sikuzihesabu. Aliyezihesabu ni mwezi.

Siku ya kwanza

Mambo yaliharibika kidogo hata kabla ya Mida. Bwana na Bibi T. walilala Nyali katika chumba chenye kiyoyozi, kamera zikiwa mezani wazi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walipotoka nje, joto la Mombasa na unyevu wake vililivamia lenzi baridi, kioo kikajaa ukungu ndani ya sekunde. Bwana T. akafuta, ukarudi. Akafuta tena. Wakati huo alipita kwarara mmoja juu ya mnazi, mwanga wa kwanza ukimgonga mdomo, na hakuna aliyempata. Lenzi haifutwi ikiwa katika hali hiyo, huachwa ipate joto taratibu, na dawa yake ni ya usiku uliotangulia: kamera hufungwa ndani ya begi, begi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na mfuko haufunguliwi mpaka vitu vya ndani vilingane joto na hewa ya nje. Nilikuwa nalijua hili. Sikuwaambia, kwa kudhani mtu mwenye lenzi ya bei ile analijua. Halafu tukakaa kwenye foleni ya Mtwapa, ambayo haihitaji maelezo kwa msomaji wa pwani.

Tulifika Mida karibu saa tatu asubuhi. Tukapita chini ya mikoko, tukapanda daraja, tukafika mwisho wake na kusimama. Maji hayakuwapo. Matope yalitandazika mpaka macho yakachoka, na huko mwisho wa matope palikuwa na nukta nyeupe, labda mia, labda zaidi. Walikuwa wao. Bibi T. aliweka lenzi yake ya milimita 600, akatazama, akaniachia nami nitazame. Joto lilikwisha kupanda na hewa juu ya matope ilikuwa inatetemeka. Ndege walionekana wanayeyuka. Mazigazi hayarekebishwi na lenzi ndefu, maana lenzi ndefu huyakuza nayo pia.

Nilifanya uamuzi wa kwanza mbaya wa siku hiyo: nilikubali tushuke. Kijana mmoja wa hapo alituongoza, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, tukawafuata ndege kwenye matope. Tulipofika umbali ambao picha ingekuwa na maana, waliruka wote kwa pamoja wakaenda kutua mbali zaidi. Tulijaribu mara mbili. Nikikumbuka leo naona aibu, kwa sababu ndege wale walikuwa na saa chache tu za kula kabla maji hayajarudi, nasi tuliwakatiza mara mbili bila kupata kitu.

Tuliporudi darajani Bwana T. alisema kwa upole wa mtu aliyekasirika, "Kaka, hapa tumelipia matope."

Sikuwa na jibu. Bi. M. hakushuka matopeni, alikuwa ameketi kivulini na chupa yake ya chai ya tangawizi. Akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe ya Februari.

"Huo wa kalenda ya ukutani. Mwezi, nakuuliza."

Nikahesabu kwa vidole. Ulikuwa mwezi kumi na nne.

"Basi hili ni bamvua. Maji yatajaa saa kumi jioni. Wewe umetuleta saa nne, maji yamekupwa kabisa. Hukuuliza mtu?"

Maelezo kuhusu maji

Wasomaji wa bara wanivumilie, na wa pwani waruke sehemu hii. Hapa kwetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kilele cha kujaa huangukia karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Wiki moja baadaye huwa maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa nguvu, na kwa kuwa dakika zimejumlishana, kujaa kumesogea mpaka karibu saa nne.

Safari yangu ya awali, ile iliyofana, ilikuwa ya maji mafu. Saa nne maji yalikuwa juu, ndege wamesukumwa ukingoni. Mimi nikadhani Mida ni mahali pa asubuhi. Mida haina asubuhi wala jioni, ina maji tu.

Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba aliyelijua hili alikuwa kiti cha nyuma tangu Nyali. Nilimsajili kama mteja, nikamuuliza kuhusu mzio wa chakula na namba ya dharura.

Uamuzi wa mchana

Njia zilikuwa mbili. Kuendelea na ratiba, yaani kwenda msituni mchana kama tulivyomwahidi Mzee K., au kuufuta mchana wa msitu na kurudi Mida maji yakipanda. Bwana na Bibi T. walitaka msitu, wakiogopa kupoteza vyote viwili. R. hakujali. Bi. M. alishasema lake.

Nilichagua kurudi, kwa sababu mbili. Bundi hulala mchana kutwa mahali pamoja na angeweza kusubiri hadi kesho, ila bamvua ya leo isingesubiri. Pia picha za mchana ndani ya kichaka kizito, jua likiwa utosini, huwa na mabaka ya mwanga na kiza yasiyotengenezeka. Nilimpigia Mzee K. nikamweleza kosa langu lilivyo. Alicheka. Akasema, "Nilishangaa uliposema asubuhi, nikadhani una mambo yako." Nilimlipa siku nzima ingawa hakufanya kazi. Fedha hizo zilitoka mfukoni mwangu, na nadhani ndizo zilizotuokoa siku ya pili, maana mtu uliyemvunjia ahadi bila fidia hakuingizi kwenye kichaka chake kwa moyo.

Saa nane tulikuwa darajani tena, safari hii tukiwa na sharti moja: hakuna anayeshuka. Maji yaliingia kimya kimya, kwanza kwenye mifereji, kisha yakamwagika juu ya matope. Kila yalipopanda ndege walisogea. Nukta zikawa ndege, ndege wakawa na macho. Ilipokaribia saa tisa walikuwa wamebanana kwenye ulimi wa mwisho wa matope, wakubwa wakiwa na migongo myeusi safi na wadogo wa msimu uliopita wakiwa na ya kijivu, bado wakiwafuata wazazi kwa sauti ya kuomba. Jua lilikuwa nyuma yetu. Mmoja alivuta kaa, akampigapiga mpaka miguu ikamtoka, na R., aliyezoea kungoja bibi harusi atabasamu, aliipata picha hiyo kwa kasi ya shata ya 1/2000. Kisha maji yakafunika ulimi, wakaruka wote.

Wengine wangefunga virago. Bi. M. alimimina chai. Maji yalipoanza kutoka jioni, sehemu za juu za matope zilichomoza kwanza, na makundi madogo ya ndege yakarudi kwenye mwanga wa dhahabu, mbele ya mikoko. Picha bora za safari nzima zilipigwa katika dakika thelathini za mwisho kabla ya jua kuzama.

Siku ya pili: bundi

Dereva wetu alikataa kushuka garini. "Bundi mchana kweupe? Mimi nalinda gari." Nisingemcheka: kwa watu wengi wa pwani bundi akilia juu ya paa kuna msiba unatajwa, na mtu hatoi imani yake kwa kuwa wageni wamelipa.

Mzee K. aliingia kichakani peke yake, akatuacha barabarani karibu saa nzima. Aliporudi alisema wapo wawili, dume na jike wamekaa bega kwa bega, juu kidogo ya kimo cha mtu. Akatoa masharti: watu wawili kwa zamu, dakika tano, bila mwanga wa flashi, na bila kusema neno, hata kwa kunong'ona.

R. alinivuta pembeni. Alikuwa na sauti ya bundi huyo kwenye simu. "Kaka, macho yamefumbwa. Tukimwitia kidogo tu atafungua, tupate picha yenye uhai." Hakuwa na nia mbaya. Kwenye harusi kazi yake ni kuita watu watazame kamera.

Nilimkatalia, na nilimweleza sababu badala ya kumwamuru. Bundi anayelala mchana anategemea kutoonekana. Akisikia sauti ya mwenzake anadhani kuna mvamizi, anajibu, anasogea, na ndege wadogo wakimwona humzonga kwa kelele mpaka adui mkubwa ajue alipo. Kisha nikamwambia la pili, ambalo naamini ndilo lililomwingia: kichaka kile ni shamba la Mzee. Bundi wakihama leo, kesho ana wageni wengine na hana cha kuwaonyesha.

R. alipiga bila flashi, kamera juu ya tripodi, ISO 3200, shata 1/30, akishika pumzi. Picha sita kati ya arobaini zilitulia. Katika moja, jike amefungua jicho moja nusu, bila kuitwa na mtu.

Ilipofika zamu ya Bwana na Bibi T., dakika tano zikawa kumi na mbili. Mzee alikohoa, nikanyoosha mkono, wakajifanya hawakuona. Nilipaswa kuingia na kuwatoa. Sikufanya hivyo, kwa sababu bado nilijiona nina deni la asubuhi ya jana.

Kosa kubwa lilikuja chakula cha mchana. Bibi T. alikuwa amempiga bundi picha moja kwa simu pia, akaituma kwenye kundi la marafiki zake. Simu yake huhifadhi mahali picha ilipopigwa, na katika kuwatumia marafiki alibandika na alama ya ramani ili wajue yuko wapi. Mzee K. alionyeshwa picha ile kwa furaha. Aliitazama, akauliza ile alama nyekundu ni ya nini, na tulipomweleza akanyamaza. Halafu akaniambia mimi, si yeye: "Kijana, umewapa watu mlango wa nyumba yangu."

Tuliifuta pale pale. Bibi T. aliomba radhi, kwa dhati, na mumewe pia. Ila kilichokwisha kuonekana na watu thelathini hakifutiki machoni mwao.

Jioni ya Sabaki naipita haraka: upepo wa kaskazi ulirusha mchanga, Bwana T. akabadilisha lenzi katikati ya upepo huo, na madoa kwenye kihisi cha kamera yake yalionekana kwenye kila picha ya anga mpaka aliporudi Nairobi. Heroe walikuwepo, kwa mbali. Siku ya tatu Gede ilitupa sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, akikimbia kati ya magofu, picha nne za majani yaliyotikisika na moja ya mkia.

Matokeo

Wateja wote wanne walilipa na watatu walirudi kwangu baadaye. Bwana na Bibi T. walinitumia maoni marefu, ya haki, ambayo nusu yake ni kuhusu asubuhi ya kwanza. R. sasa hugawa wiki yake kati ya harusi na ndege.

Wiki moja baadaye nilimpigia Mzee K. Bundi walikuwa wamehama kichaka siku mbili baada yetu. Aliwapata tena upande wa pili wa njia, baada ya asubuhi tatu za kutafuta. Nilimuuliza kama ni sisi tuliowahamisha. "Bundi huhama," alisema. "Na watu nao husumbua." Sikupata zaidi ya hapo, na sidhani kuna zaidi.

Uchambuzi

Kosa la asili halikuwa kufika Mida saa tatu. Lilikuwa kuamini kwamba safari iliyofana imenifundisha kwa nini ilifana. Nilichukua saa nikaacha sababu. Kama mara ya kwanza ningejiuliza kwa nini ndege walikuwa karibu, ningepata neno maji, na ratiba isingenakiliwa bila kutazama mwezi.

Kushuka matopeni kulikuwa kosa la woga. Mteja anaponuna, mwandaaji hutafuta la kufanya, lolote, ili aonekane anafanya, na mara nyingi hilo lolote hulipwa na mnyama. Kukaa na kungoja kungekuwa bora hata kama tusingerudi mchana.

Kubadilisha mpango kulifaulu kwa kuwa nilikiri kosa kwa watu wote wawili walioathirika, wateja na Mzee, kabla ya kuomba chochote. Hata hivyo kukiri huko kulinigeuka siku ya pili. Nilijiona mdaiwa, nikawaacha watu dakika saba zaidi mbele ya bundi. Deni langu kwa wateja nililipia kwa utulivu wa ndege wawili ambao hawakunidai wala sikuwadai.

Kuhusu simu, nilikuwa nimefikiria flashi, sauti na umbali, mambo ya kamera. Hatari ilitoka kwenye kifaa ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa kamera, baada ya kazi kwisha, mezani penye samaki wa kupaka. Sharti la dakika tano lina maana gani ikiwa ramani inabaki milele?

Fomu yangu ya kusajili wateja sasa ina swali kama mtu amekulia karibu na bahari au msitu, na anajua nini cha huko. Tarehe zote za Mida naziandika kwa mwezi mwandamo kwanza, za kalenda ya ukutani baadaye. Na Mzee K. ameongeza sharti lake mwenyewe, ambalo hulisoma kwa sauti barabarani kabla ya kuingia kichakani: simu zote zinabaki garini, na dereva, kwa kuwa hashuki, ndiye anayezishika.